Sasisho la Mgeni Rasmi

Februari 23
Imrani, fundi wetu wa kompyuta redioni, ameanza kazi ya tahadhari ya mvua. Nimekaa naye asubuhi nzima ili nielewe.

Juu Nyanungu, kwenye kiwanja cha kanisa, kuna kipimo cha mvua chenye laini ya simu. Mvua ikizidi kiwango, kipimo hutuma ujumbe kwenye kompyuta ya redio yetu hapa Tarime mjini, nayo huwatumia watu wa Ghorofani. Ghorofani ni machimbo mapya ya dhahabu, bondeni chini ya Gorong'a. Yanaitwa hivyo kwa sababu nyumba za huko zinaelekea chini. Mvua ya Nyanungu hushuka na kijito na kufika bondeni kabla saa moja haijaisha, na mara nyingi bondeni kwenyewe jua linawaka. Mtu aliye futi themanini ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, hana namna ya kujua.

Kasoro ni moja. Nyanungu hushika mtandao wa Kenya tu, kwa hiyo kipimo kina laini ya Kenya. Programu ya kupokea ujumbe, ile inayokuja tayari kutoka kwenye ghala la Linux, imewekewa kutupa namba zote za nje ya nchi, kwa ajili ya matapeli. Inazitupa kimya kimya.

"Sasa?" nikamwuliza.

"Sasa siichukui ya ghala. Nachukua msimbo chanzo wake, nabadilisha mstari mmoja, nakiunda kifurushi mwenyewe."

"Tofauti yake?"

"Kifurushi cha tayari ni unga wa dukani, mama. Ukikuta mchanga utautoaje? Chanzo ni mahindi yako. Unachambua kwanza, ndiyo unapeleka mashineni."

Imrani ni wa Mugumu, babu yake alitoka Pwani na cherehani. Ana ulimi mkali na haufichi. Sijakutana na fundi mwingine aliyenieleza kitu nikakielewa mara ya kwanza.

Februari 25
Kuunda kumekwama. Chanzo kinahitaji vifurushi vingine ndipo kikubali kujengwa, na bando la ofisi halitoshi kuvishusha. Imrani ameenda Sirari na flashi.

Februari 28
Amerudi na vifurushi, kimoja kimesahaulika. Ameenda tena. Meneja wetu, Mwalimu Simioni, ameuliza kwa nini serikali haiuzi kompyuta ambayo kila kitu kimo.

Machi 4
Kimejengwa. Namba ya toleo ina mkia wenye jina lake: imrani1. Nilimwuliza kama hayo ni majivuno. "Ni majivuno," akasema, "na ndiyo njia ya kukitambua."

Machi 9
Manyunyu. Ghorofani wanasema watu wamefika elfu mbili.

Machi 14
Imefanya kazi.

Nilikuwa Ghorofani kwa habari ya mfumuko, watu wanavyofurika kufuata dhahabu: nani alipata, nani alifukiwa, nani ameuza ng'ombe aje achimbe. Nilikaa kwa Rhobi, anayepika chakula juu ya duara la Kisiri. Mume wake, Magige, anachimba humo humo. Rhobi ndiye aliyechaguliwa kushika simu ya tahadhari, kwa sababu hatoki pale kuanzia uji hadi ugali wa jioni. Juu ya jiko lake imening'inizwa rimu ya lori ya kugonga.

Saa nane kasoro, jua kali, simu ikalia. Rhobi hakuisoma mara mbili. Aliigonga ile rimu mpaka wali ukaungua. Wakaanza kutoka, wanatukana, wanakinga macho na mwanga. Kisiri, mwenye duara, akauliza mvua iko wapi.

"Iko kwenye simu," Rhobi akamjibu. "Subiri itakufikia."

Ilifika. Maji mekundu, yana magogo. Yalijaza maduara sita. Hakuna aliyekuwemo.

Magige alikaa ukingoni akila ule wali ulioungua. "Leo umenipikia kweli mkaa," akamwambia mkewe.

"Kula. Ungekuwa unakunywa tope."

Machi 15
Habari imesomwa mara nne kwa siku. Mwalimu Simioni ametunga tangazo kwa sauti yake mwenyewe: mashine haisinzii, mashine haiendi kunywa chai.

Machi 19
Nimesikia kitu ambacho sikipendi. Kabla ya mashine, wenye maduara walikuwa wanachanga kumlipa mtu akae kilimani aangalie mawingu ya Nyanungu na kupuliza filimbi. Wamemwondoa. Kisiri amenieleza bila aibu: "Kwa nini nilishe watu wawili kwa kazi moja?" Na kwa kuwa mashine ipo, sasa wanashuka hata siku ambazo zamani wangelala.

Nimemwambia Imrani. Alicheka kidogo. Alisema hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizopata.

Machi 22
Imrani hakuja kazini.

Machi 23
Hakuja. Ameonekana Ghorofani, kwenye karasha la kusaga mawe.

Machi 27
Amekuja kuaga. Ameingia ubia kwenye karasha. Sikumshangaa, wiki hii mji umepoteza walimu wawili, mganga wa zahanati na mpiga kinanda wa kanisa letu, wote wameenda kwenye mawe.

Mwalimu Simioni akauliza swali la maana kuliko yote niliyowahi kumsikia akiuliza.

"Na mashine unamwachia nani?"

"Mashine inajiendesha, Mwalimu. Nywila hii hapa. Usisasishe kitu, basi."

"Nisisasishe, kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Nikaingilia. Nilimwuliza Imrani kama hakuna njia ya kukifungia kile kifurushi kisibadilishwe. Akasema ipo, ni amri ya maneno matatu.

"Si uiandike."

"Nikikifungia, kila kinachokitegemea kitaanza kulalamika, Mwalimu atanipigia kila siku. Na nani ataigusa? Huyu anaogopa hata kuizima."

Alisema hivyo Mwalimu akiwa amekaa mbele yake. Mwalimu alitazama dirishani. Nikauliza msimbo chanzo uko wapi. Uko kwenye laptopu yake, na laptopu inaenda naye Ghorofani. Nilimwomba aache nakala. Akasema ataleta.

Machi 31
Mvua kidogo. Ujumbe umeingia, umetumwa. Nakala haijaletwa.

Aprili 2
Hivyo hivyo.

Aprili 8
Barua imetoka wilayani: mfumo wa tahadhari utazinduliwa rasmi tarehe 12, na mgeni rasmi atakuwepo. Mfumo una zaidi ya mwezi unafanya kazi, lakini huku kitu hakihesabiki kuwa kipo mpaka mgeni rasmi amekata utepe. Kisima cha Gorong'a kilikaa na kufuli miezi mitano kwa sababu hiyo hiyo, watu wanachota mtoni.

Ofisi inapakwa rangi. Mwalimu Simioni ameagiza mapazia.

Aprili 11
Nimerudi jioni kutoka mahakamani. Kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa. Nikafunua. Kwa wiki kadhaa pembeni ya skrini kulikuwa na kibao kinachosema masasisho mia na kitu yanasubiri, moja kwa rangi nyekundu. Leo hakipo.

"Nimekiondoa," Mwalimu Simioni akasema. Alikuwa amevaa suti tayari, anaijaribu. "Mgeni rasmi akiona nyekundu atauliza. Nimenunua bando, nimebonyeza sasisha vyote. Imekaa saa mbili ikajimaliza yenyewe. Sasa ni safi."

"Imrani alikataza."

"Imrani hakusema kwa nini."

Hilo ni kweli. Nilimpigia Imrani, hapatikani. Mwalimu alisema naye amempigia tangu asubuhi. Nikamwandikia: Mwalimu amesasisha kompyuta yote, angalia kifurushi chako. Ujumbe haukufika, Ghorofani mtandao huja ukiamua.

Nilimwomba Mwalimu tufanye jaribio. Akabonyeza kitufe cha jaribio, na simu yangu ikalia. Nikamwambia hapana, jaribio litoke kwenye kipimo chenyewe. Ampigie mwinjilisti wa Nyanungu amwage ndoo ya maji mle ndani.

"Mama, mwinjilisti yuko msibani Migori. Simu imelia au haijalia?"

"Imelia."

"Basi."

Aprili 12
Uzinduzi. Ngoma, kwaya, risala. Mgeni rasmi alibonyeza kitufe cha jaribio, simu zikalia ukumbi mzima, watu wakapiga makofi. Alisifu usafi wa skrini. Nina maneno yake kwenye kinasa sauti: "Inaonyesha mnaijali."

Mwinjilisti bado yuko Migori. Imrani hapatikani.

Aprili 14
Jua. Nimetumwa Robanda. Tembo wamekula mahindi ya kaya kumi na moja, na kambi moja ya watalii inasema fensi si kazi yake.

Aprili 15
Robanda. Jua. Nimempigia Mwalimu; mwinjilisti amerudi lakini anaumwa.

Aprili 17
Robanda. Jua. Imrani amepatikana kwa nusu dakika, karasha linanguruma nyuma yake. Nikamwambia. Alisema, "Kitakuwa sawa, nitaangalia Jumamosi," kisha simu ikakatika. Leo ni Jumatano.

Aprili 19
Naandika Ghorofani, chini ya turubai la Rhobi. Naandika kwa mpangilio wa mambo yalivyotokea.

Nilitoka Robanda asubuhi kupitia Mugumu. Tulipofika upande wa Nyamongo niliona mbingu ya Nyanungu. Ilikuwa nyeusi hadi chini, kilima hakionekani. Nikampigia Mwalimu Simioni.

"Ujumbe umeingia?"

"Hakuna kitu. Huku jua."

"Nyanungu inanyesha, naiona kwa macho."

"Ikinyesha itasema, mama. Ndiyo kazi yake."

"Katiza matangazo. Sema mimi nimesema."

Alisita. Alisema akikatiza bila ujumbe wa mashine, bodi ya redio itamwuliza kwa kibali gani. Nikakata, nikampigia Rhobi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Rhobi, watoe watu. Nyanungu inanyesha."

"Huku jua, mama. Simu haijalia."

"Najua haijalia. Gonga."

Aligonga. Haya mengine amenieleza mwenyewe, na watu watatu wengine wameyathibitisha. Wengi walitoka, kwa mazoea ya rimu. Kwenye duara la Kisiri walikuwa wamefikia mwamba wenye rangi ya dhahabu, na Kisiri alisimama mdomoni mwa duara akawazuia waliokuwa kwenye ngazi.

"Simu imelia?" akamwuliza Rhobi.

"Mama Zilpa wa redio amenipigia."

"Nimekuuliza mashine imesema?"

"Haijasema."

"Zilpa ndiye mashine?"

Watu wakacheka. Magige alikuwa wa tatu kutoka juu kwenye ngazi, alisikia yote. Rhobi alimwita kwa Kikurya. Alimjibu kwamba simu ikilia atapanda. Akashuka.

Rhobi aliendelea kugonga. Anasema aligonga kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika simu usoni, akiiangalia.

Nilifika maji yakiwa yamekwisha kupita. Duara la Kisiri limejaa hadi mdomoni, na mdomo wenyewe umemeguka. Pampu mbili zinavuta, moja ni mbovu. Ngazi imetolewa vipande. Kisiri yu hai, alikuwa nje.

Imrani yuko hapa. Karasha liko juu ya bonde, halikuguswa. Amesimama na wanaovuta kamba, ana tope hadi kifuani. Tumeonana.

Aprili 20
Wametolewa wanne. Magige bado.

Rhobi ameniuliza swali moja: kama ile mvua ilikuwa ndogo kuliko ya mwezi wa tatu. Nikamwambia ilikuwa kubwa zaidi.

Aprili 21
Wamefika tisa. Magige ni wa nane. Hakuna zaidi ndani, kwa hesabu ya Kisiri, ambaye hesabu yake siwezi kuiapia.

Aprili 22
Ofisini. Imrani alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye kompyuta na matope yake kwenye kiti kipya. Mwalimu Simioni alisimama nyuma ya mlango. Imrani aliandika amri ya kuuliza toleo la kifurushi. Mkia wenye jina lake haupo.

Alinieleza mimi, hakumwangalia Mwalimu. Ghala limetoa toleo jipya mwezi wa nne. Kompyuta inapoambiwa isasishe, hutazama namba tu. Yenye namba kubwa ndiyo hukaa. Haijui nani alibadilisha mstari gani na kwa nini. Cha ghala kilikuwa na namba kubwa, kikakaa juu ya chake. Kipimo kilituma ujumbe mara kumi na saba tarehe 19. Jumbe zote zimetupwa kama za tapeli kutoka Kenya.

"Na kitufe cha jaribio?" Mwalimu akauliza kutoka mlangoni.

"Kitufe hakitoki Kenya."

Nikamwuliza Imrani ile amri ya maneno matatu ingechukua muda gani.

"Kompyuta ilifanya ilichoagizwa," akasema.

"Nimekuuliza kuhusu wewe."

"Mimi sikubonyeza."

Kwa miezi hii miwili nilimwona Mwalimu Simioni kama mtu mwepesi na Imrani kama mtu mzito. Leo nimemtazama Imrani akifuta kibodi kwa mkono wa shati, kwa uangalifu, herufi moja moja, na nimebadili mawazo.

Aprili 23
Bodi imetuletea taarifa ya kusoma. Inasema mafuriko ya ghafla yasiyotabirika. Nimekataa kuisoma. Imesomwa na mwingine, kwa sauti nzuri.

Habari yangu nimeiandika yote, na namba za matoleo. Imewekwa kando "mpaka hali itulie".

Aprili 25
Mazishi ya Magige, Gorong'a. Bodi ilimkataza Mwalimu Simioni kwenda. Alikuja, amevaa ile suti ya uzinduzi, hana nyingine. Baada ya udongo alimfuata Rhobi alikokaa na wanawake. Akavua kofia.

"Mama, mimi ndiye niliyebonyeza."

Rhobi hakuelewa. Akamweleza, vibaya, kwa maneno ya mwalimu wa shule: kulikuwa na programu iliyotengenezwa kwa mkono, yeye akaweka juu yake ile ya kununuliwa mjini. Si sahihi, lakini aliyemsikiliza alielewa.

"Ulibonyeza ili iwe nini?"

"Ili ipendeze."

"Ipendeze kwa nani?"

"Kwa mgeni."

"Alipendezwa?"

"Alipendezwa."

Rhobi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kaka wa Magige alisimama, na wazee wakamshika. Mwalimu alibaki pale pale, kofia mkononi, mpaka mzee mmoja akamwambia aende nyumbani, na hakulisema kwa upole.

Imrani hakuja. Karasha lilisikika.

Aprili 28
Mwalimu Simioni amesimamishwa kazi kwa kwenda mazishini.

Mei 3
Imrani amekijenga upya kifurushi kutoka toleo jipya, mstari wake umerudi, mkia unasoma imrani2. Amekifungia. Ameacha nakala ya chanzo ofisini, na karatasi ya maelezo. Mwinjilisti alimwaga ndoo mbili Nyanungu na ujumbe ukaingia. Bodi imemlipa. Fedha alizipokea.

Nikamwambia ile nakala imechelewa. Akasema anajua kuhesabu tarehe.

Mei 6
Meneja mpya. Ameuliza kwa nini kifurushi kimoja hakisasishwi.

Mei 16
Ghorofani inahama. Wanasema upande wa Serengeti, karibu na Nata, kuna mtu amelima shamba akaokota jiwe. Leo nimekutana na mabomba, turubai na wanawake wenye masufuria wakielekea kusini. Kisiri yumo, amepata wabia. Karasha la Imrani limepakiwa kwenye trela. Alinipungia mkono kutoka juu. Sikumpungia, na gari likapita.

Mei 21
Hakuna mtu Ghorofani isipokuwa watu wawili wanaotafuta vyuma chakavu.

Mei 29
Mvua ya mwisho, nadhani. Ilinyesha Nyanungu tangu saa tano. Ujumbe ukaingia kwenye kompyuta bila kukosa hata mmoja, ukatumwa kwa namba zote. Meneja mpya ameiandikia bodi taarifa ya mafanikio. Namba za zamani hakuna aliyezitoa; nami nililiwaza hilo simu yangu ilipolia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Rhobi. Uko wapi?"

"Kwa baba, Gorong'a. Tunapalilia." Nilisikia majembe na watu wakiongea. "Mama, leo imelia."

Nikamwambia bondeni hakuna mtu.

"Najua hakuna," akasema. "Imelia mara nne. Wananiuliza hapa kwa nini siipokei."